Kode inatembea lakini namba si zile: dalili na dawa ukihamisha kode toka MATLAB kwenda Python

Hapa Bukavu watu wanaokuja kuniona na laptop mkononi, wengi wako na hadithi ileile: kode iliandikwa mu MATLAB, programu ya hesabu ya kulipia, miaka ya nyuma na asistanti ambaye alishakwenda zake, lisansi imekwisha, memwari (kazi ya mwisho ya masomo) inangoja, basi mtu kajifungia siku mbili akabadilisha mstari kwa mstari kwenda Python, na sasa kode inatembea, grafiki inatoka nzuri kabisa, lakini namba hazifanani na zile za ripoti ya zamani. Ao mbaya zaidi, hakuna ripoti ya zamani, na mtu anaiamini ile grafiki vile ilivyo.

Kosa linaloandika ujumbe mwekundu kwenye skrini siliogopi, linakula dakika tano, umeona mstari, umerekebisha, umeendelea. Ninaloogopa ni lile linalonyamaza, maana linaweza kukaa ndani ya memwari mpaka siku ya kuitetea na hata kupita pale. Kwa hiyo makosa yenye kelele nitayapita haraka na nitakaa sana kwa yale ya kimya. Mifano mingi naitoa kwa kazi moja niliyosaidia, vipimo vya joto la maji ya Ziwa Kivu toka juu kwenda chini, sababu ile fishie (faili) moja ilituonyesha karibu magonjwa yote.

Mbele ya yote, uwe na jibu la kulinganisha

Usianze kuhamisha kama huna jibu la kode ya zamani. Lisansi imekwisha? Weka GNU Octave, ni ya bure, inasoma sehemu kubwa ya kode za MATLAB bila kugusa kitu, John W. Eaton alianza kuitengeneza 1992 na kazi inaendelea mpaka leo. Tembeza kode ya zamani pale ukiwa na fishie ndogo, mistari kumi tu ya vipimo inatosha, na kila hatua chunga matokeo yake: `save -v7 hatua1.mat x`, kisha `hatua2.mat`, hivyo hivyo mpaka mwisho. Halafu mu Python unafungua kila moja na `scipy.io.loadmat` na unapima `np.max(np.abs(a - b))`; `np` ni NumPy, maktaba ya Python ya kuhesabu, na SciPy ni ndugu yake. Ile hatua ya kwanza yenye tofauti kubwa, kosa liko pale, usitafute fasi ingine. Watu wanalinganisha paka jibu la mwisho halafu wanahangaika usiku kucha ndani ya mistari mia sita.

Kama uko na fishie za .mat zilizochungwa kwa `-v7.3`, `loadmat` itakataa na kukuambia utafute kisomaji cha HDF, ni kweli, zile ni HDF5 ndani yake, mpango mwingine wa kuchunga data, chukua `h5py`, lakini ujue matrisi itatoka imegeuzwa, mistari imekuwa kolone, basi weka `.T` mara moja pale unaposoma.

Na juu ya mega za internet, sababu najua si kila mtu anaweza kudaunlodi SciPy nyumbani: siku uko fasi yenye wifi piga `pip download numpy scipy pandas -d mzigo`, utapata folda, beba kwa kile ya USB, na nyumbani `pip install --no-index --find-links=mzigo numpy scipy pandas`. Hakikisha tu masini zote mbili ziko na Python ya toleo moja na sistemu moja, la sivyo itakataa.

Soma tofauti yenyewe mbele ya kusoma kode

Hii njo kitu ningependa kila mwanafunzi ajue, juu inapunguza kazi kwa nusu. Usikimbilie kode, angalia kwanza tofauti kati ya majibu mawili inafanana na nini. Kama ni ya aina ya 1e-15 ukilinganisha na ukubwa wa namba zako, haiko kosa, ni jinsi kompyuta inachunga desimali, hata kubadilisha mpangilio wa kujumlisha kunatosha kuileta. Kama ni karibu 1e-7, kuna fasi data imepita mu `float32`, aina ya namba inayochunga takriban tarakimu saba tu. Kama jibu moja likigawanywa kwa lingine linatoa namba ileile kila fasi, kuna mgawanyo uliofanyika tofauti, mara nyingi ni n na n−1. Kama namba moja tu ya mwanzo ao ya mwisho njo mbaya, ni indeksi, yaani namba ya nafasi ndani ya vekta. Kama namba zote ziko lakini zimekaa viti vya wengine, ni mpangilio wa mistari na kolone. Kama ni alama ya kujumlisha na kutoa tu ndiyo imegeuka kwenye vekta za `eig`, usipoteze usingizi, vekta na kinyume chake zote mbili ni jibu halali.

Dalili: namba ya kwanza ni ya ajabu, zingine zote ni nzuri

Mu MATLAB ilikuwa hivi: `for i = 2:n, d(i) = x(i) - x(i-1); end`, yaani kila kina kinatolewa kile kilicho juu yake. Yaya mmoja (huku tunaita hivyo dada ao kaka wa heshima) aliyeniletea kazi yake alijua kwamba Python inaanza kuhesabu kwa sifuri, basi akaandika `for i in range(n): d[i] = x[i] - x[i-1]`. Akaniambia angalia, imetembea bila kosa hata moja. Ilitembea kweli. Lakini pale `i` ni sifuri, `x[i-1]` inakuwa `x[-1]`, na kwa Python `x[-1]` haiko kosa, ni namba ya mwisho kabisa. Basi joto la maji ya juu, pale mitumbwi inapita, lilitolewa joto la maji ya chini kabisa, pale kamba ya kupimia iliishia. MATLAB ingepiga kelele palepale maana indeksi ya sifuri haipo kwake. Python inakupa jibu.

Dawa: bukle (ile `for` inayorudia) ianzie `range(1, n)`, ao zaidi ya hapo achana na bukle na uandike `np.diff(x)`. Na popote mu kode ya zamani unapoona `i-1`, `k-1`, `j-2`, simama, jiulize ile indeksi inaweza kushuka chini ya sifuri ama hapana. Mimi natafuta herufi kwa herufi na kutafuta ya editeri, sitegemei macho.

Ndugu yake ni vipande. `x(2:5)` ni namba nne, ya pili mpaka ya tano, na ya tano imo. Mu Python ni `x[1:5]`. Mwanzo unapunguza moja, mwisho unauacha, sababu Python haihesabu ule wa mwisho. Na `0:0.1:1` ya MATLAB inatoa namba 11, wakati `np.arange(0, 1, 0.1)` inatoa 10, kwa hiyo tumia `np.linspace(0, 1, 11)`, ile inafika mpaka mwisho kama MATLAB.

Dalili: vipimo 120 vimekuwa 14 400

Hii ni ya kimya kabisa. Uko na joto lililopimwa, limetoka kwa `loadmat`, umbo lake `(120, 1)`, juu kwa MATLAB kila kitu ni matrisi, hata vekta. Na uko na joto la modeli, limetoka kwa pandas, maktaba ya kusoma meza za data, umbo lake `(120,)`. Unatoa moja kwa lingine ukitegemea tofauti 120. NumPy inaona kolone moja na mstari mmoja, inavitandaza, inakupa matrisi ya 120 kwa 120, kila kipimo kimetolewa kila jibu la modeli.

Sasa angalia kwa nini inapita bila kuonekana: ukichukua wastani wa ile matrisi, unatoka sawasawa na wastani wa tofauti za kweli, namba ileile, kwa sababu wastani wa a kutoa b ni wastani wa a kutoa wastani wa b hata ukivichanganya vipi. Yaya aliangalia wastani akasema modeli ni nzuri. Mzizi wa wastani wa kosa la mraba njo uliharibika, ulikuwa mkubwa mno, na alianza kulaumu kifaa cha kupimia. Tuliandika `print(tofauti.shape)` na mara moja tukaona `(120, 120)`.

Dawa: soma fishie na `loadmat(..., squeeze_me=True)`, ao weka `.ravel()` kwa kila vekta mara tu inapoingia, na kwenye kila fonksyo weka `assert a.shape == b.shape`. Hata mimi leo naweka. Na usidanganywe na `.T`: ukiwa na `(120,)`, kuigeuza na `.T` hakufanyi kitu, inabaki vilevile. Kwa namba changamano pia kumbuka `A'` ya MATLAB inageuza na kubadilisha alama ya sehemu ya i, ya kweli mu NumPy ni `A.conj().T`.

Dalili: namba zote ziko, lakini kila moja imekaa kiti cha jirani

MATLAB ya kwanza Cleve Moler aliiandika kwa Fortran mwisho wa miaka ya 1970, na Fortran, ya tangu 1957 pale IBM, inapanga matrisi ndani ya memori kolone kwa kolone na inahesabu toka moja. NumPy yenyewe ilifuata desturi ya C, mstari kwa mstari, toka sifuri. Ukijua hii, mambo mengi hayakushangazi tena.

`reshape(1:6, 2, 3)` kwa MATLAB inatoa mstari wa kwanza 1 3 5 na wa pili 2 4 6. `np.arange(1, 7).reshape(2, 3)` inatoa 1 2 3 na 4 5 6. Umbo ni moja, hakuna ujumbe, grafiki itachorwa. Dawa ni `reshape(2, 3, order='F')`, ile F ni ya Fortran, na `A(:)` inakuwa `A.flatten(order='F')`.

Halafu mwelekeo. `sum(A)` ya MATLAB inajumlisha kila kolone peke yake, `np.sum(A)` inajumlisha matrisi nzima inakupa namba moja, basi unaandika `A.sum(axis=0)`. Hii unaiona haraka sababu umbo linabadilika. Lakini `sort`, `diff` na `fft` (ile inayochambua mawimbi) ni za hatari zaidi: MATLAB inashuka na kolone, NumPy usipoiambia kitu inakwenda na mstari, na kwa `sort` na `fft` umbo linabaki lilelile. Fikiria mtu anayefanya kazi na mitetemo ya volkano upande wa Goma, kolone moja kwa kila kituo cha kupima, anapiga `np.fft.fft(A)`: kompyuta inachukua sekunde moja ya vituo vyote kama vile ni wimbi moja, na inatoa spektra iliyo na sura nzuri isiyo na maana yoyote. `np.fft.fft(A, axis=0)`. Sheria yangu ni kuandika `axis` kila mara, hata pale haihitajiki. Na `np.cumsum(A)` bila `axis` inalaza matrisi yote kuwa vekta moja, hiyo pia uijue. Bukle nayo: `for c = A` kwa MATLAB inakupa kolone, `for r in A` kwa Python inakupa mistari.

Dalili: ekar-tipe (kipimo cha namba zinavyotawanyika mbali na wastani) imepungua kidogo

Vipimo vinne: 22, 23, 24, 25. MATLAB `std` inatoa 1.2910. `np.std` inatoa 1.1180. Ya kwanza inagawanya kwa n−1, ya pili kwa n. Weka `np.std(x, ddof=1)`, na `np.var` vilevile. Kinachochanganya watu ni kwamba pandas imefuata njia ya MATLAB, `df.std()` inagawanya kwa n−1, basi mu kode moja ya Python unaweza kuwa na ekar-tipe mbili tofauti za kolone ileile kulingana na nani umemuuliza. Ukiwa na vipimo elfu haionekani. Ukiwa na vinne ao vitano kwa kila kituo, kama wengi wetu tulivyo, inaonekana sana.

Dalili: desimali zimekatwa

Kwa MATLAB namba ukiiandika tu ni `double`. Kwa NumPy `np.array([22, 23, 24])` ni namba kamili, na ukifanya `x[0] = 22.7` inachunga 22, bila kusema neno. Mara nyingi inaingia kwa mlango wa nyuma: kolone ya kina mu fishie ni 1, 2, 3, pandas inaisoma kama namba kamili, mtu anatengeneza `joto = np.zeros_like(kina)`, na joto lote la ziwa linakuwa 22, 23, 24 bila mkia. Sisi tuliona mstari kwenye grafiki unapanda kama ngazi. Ukiona ngazi fasi ulitegemea mstari laini, fikiria hii kwanza. `np.zeros(kina.shape)` ao `.astype(float)` pale unaposoma.

Kwa kode za picha ni kinyume: MATLAB ikiongeza 10 kwenye `uint8` ya 250 inasimama 255, NumPy inazunguka na kurudi 4, fasi nyeupe ya picha inakuwa nyeusi. Na `round(2.5)` kwa MATLAB ni 3, kwa Python ni 2, juu Python inakwenda kwa namba shufwa ya karibu. Kwa namba zisizo hasi tumia `np.floor(x + 0.5)`.

Dalili: data ya asili imebadilika na hakuna aliyeigusa

`b = a` kwa MATLAB ni kopi. Kwa NumPy ni majina mawili ya kitu kimoja, na hata kipande `b = a[10:20]` bado kinaangalia memori ileile. Fonksyo iliyo na `x -= x.mean()` ndani yake itabadilisha vipimo vya yule aliyeiita, na ukitembeza seli ileile mara mbili jibu linabadilika. `b = a.copy()`, na ndani ya fonksyo andika `x = x - x.mean()`.

Dalili: maji ya chini yote yako na joto moja

Hapa tulipoteza siku nzima, na naomba usipoteze yako. Ziwa letu haliko kama maziwa mengi: joto linashuka kidogo toka juu, halafu ukiendelea chini linapanda tena, sababu maji ya chini yamebeba chumvi na gesi nyingi iliyoyeyuka, ni mazito, hayapandi juu hata yakiwa na moto zaidi. Kwa hiyo ile sehemu ya chini ya grafiki njo yenye maana yote.

Kode ya zamani ilikuwa na `interp1`, ile inayokadiria namba iliyo kati ya vipimo viwili. Yaya aliweka `np.interp`, jina linafanana. Kosa la kwanza: kwenye fishie kina kiliandikwa kwa alama ya kutoa, 0, −1, −2 mpaka −120. `np.interp` inadai namba zipande, na haihakikishi kama zinapanda, ukizipa zinazoshuka inakurudishia takataka kwa utulivu. Kwetu ilirudisha joto la mita ya mwisho karibu kwa kila kina. `interp1` ya MATLAB inapanga yenyewe, njo maana zamani ilikuwa nzuri. Dawa: `np.interp(z, kina[::-1], joto[::-1])`, na mbele yake `assert np.all(np.diff(kina[::-1]) > 0)`.

Tukarekebisha, na bado. Kamba ilifika mita 120, na kode iliulizwa joto la mita 200. `interp1` ya kawaida inajibu NaN, yaani sijui, na grafiki inakatika pale. `np.interp` inashika namba ya mwisho na kuivuta mpaka utakapochoka, mita 200, mita 400, yote joto la mita 120. Kwa ziwa ambalo joto linapanda chini, hiyo ni kuandika uongo kuhusu maji bila kujua. Weka `left=np.nan, right=np.nan`. Mimi nikiona `interp` yoyote mu kode iliyohamishwa naanza pale kabla ya kuangalia kitu kingine.

Dalili: fishie ya Excel inasomwa vibaya

Excel zetu ni za Kifaransa, desimali ni mkato, kolone zinatenganishwa na nukta mkato. `pd.read_csv(f, sep=';', decimal=',')`. Ukisahau `decimal` utapata maandishi badala ya namba na utaona kosa, hiyo ni heri. Ubaya ni mtu anayeweka `thousands=','` juu aliona mahali, 24,3 inakuwa 243. Na usidhani MATLAB inakuokoa, `str2double('24,3')` nayo inatoa 243, inafikiri ule mkato ni wa kutenganisha elfu, basi angalia vizuri hata jibu la zamani unalolinganisha nalo. Kama ujumbe unasema utf-8 haiwezi kusoma baiti 0xe9, ile ni é ya neno Température, weka `encoding='cp1252'`.

Tarehe pia. `05/03/2021` kwetu ni tarehe 5 ya mwezi wa tatu, pandas bila kuambiwa inasoma tarehe 3 ya mwezi wa tano, weka `dayfirst=True`. Na kama kode ya zamani ilitumia `datenum`, inayoandika tarehe kama hesabu ya siku, hesabu ya MATLAB iko mbele ya ile ya Python kwa siku 366. Jaribu na siku ambayo kila mtu huku anaijua, 17/1/2002 Nyiragongo ilipomwaga moto ndani ya Goma: `datenum` ni 731233, na ukiipeleka moja kwa moja kwa `date.fromordinal` utapata 18/1/2003. Toa 366 kwanza.

Zenye kelele, na chache zinazojifanya zina kelele

`np.zeros(3, 4)` inakataa, inataka `np.zeros((3, 4))`, lakini `zeros(3)` ya MATLAB ni 3 kwa 3 na `np.zeros(3)` ni vekta ya tatu, hiyo haikatai. `A(end+1) = x` haipo, tumia lisiti (`list`) ya Python na `append`, mwisho `np.array`. `A\b` kama A haiko mraba ni `np.linalg.lstsq(A, b, rcond=None)[0]`, kama ni mraba `np.linalg.solve`. `*` ya matrisi ni `@`, ipo tangu Python 3.5 ya 2015, na `.*` njo inakuwa `*`. Ukisahau hii na matrisi zako ni za mraba zote, hakuna ujumbe utakaouona. `^` kwa desimali inapiga kelele, kwa namba kamili hapana: `10^2` kwa Python ni 8, andika `10**2`. `sqrt(-1)` kwa MATLAB inatoa i, `np.sqrt(-1)` inatoa nan na onyo dogo linalopotea juu ya skrini, kama kweli unataka namba changamano tumia `np.emath.sqrt`. `svd` ya NumPy inarudisha V ikiwa tayari imegeuzwa, `chol` ya MATLAB ni pembetatu ya juu na ya NumPy ya chini. `ode45` inataka fonksyo ya `(t, y)`, `solve_ivp` vilevile, lakini `odeint` inataka `(y, t)`.

Kama unaelekea C, ao unatoka Fortran

Kwa C `1/2` ni sifuri, kwa Fortran pia, kwa Python 3 ni 0.5. Basi ukitoka Fortran kwenda Python usibadilishe kila `/` bila kufikiri, pengine mwandishi alitaka ule ukataji, na pale unaweka `//`. Ila kwa hasi vinaachana: `-7/2` ya C ni −3, `-7//2` ya Python ni −4. `-1 % 3` ya C ni −1, ya Python ni 2. Kwenye Fortran ya zamani isiyo na `implicit none`, jina linaloanza na herufi toka i mpaka n ni namba kamili hata kama hakuna aliyesema, na `0.1` bila `d0` inabeba takriban tarakimu saba tu za kweli, ukiiweka ndani ya double inakuwa 0.10000000149. Tofauti ya aina hiyo ukiiona, Python njo iko sahihi na ya zamani ilikuwa na upungufu. Uiandike hivyo kwenye memwari, usiifiche.

Dalili: ni sahihi, lakini ni polepole

Bukle ya Python inayogusa namba moja moja ya NumPy ni nzito kuliko ile ya MATLAB. Mbaya zaidi ni `np.append` ndani ya bukle, inakopi vekta nzima kila mara. Andaa fasi mbele kwa `np.zeros(n)`, ondoa bukle pale unaweza kwa kufanya hesabu ya vekta nzima kwa mara moja, na zile zisizoondoka, ambazo kila hatua inategemea iliyopita, zipe Numba, chombo kinachofanya bukle za Python zitembee haraka. Lakini fanya hivi baada ya namba kuwa sawa, na kila ukiondoa bukle moja fungua tena zile `hatua1.mat`, `hatua2.mat` na upime upya. Ya yaya tuliifikisha na tofauti kubwa kabisa ya 3.6e-15 kwenye hatua zote tisa, ndipo tukachora grafiki ya ziwa, na chini kabisa ya kamba mstari ulianza kupinda kurudi kwenye joto.